Chupa Arobaini na Tatu

Karatasi ilibandikwa Alhamisi asubuhi kwenye mlango wa bwalo, mahali ambapo msichana hawezi kuingia kunywa uji bila kuiona. Ilisema hivi: kila mwanamke anayelala bwenini atatoa mkojo siku ya Jumamosi, upimwe na mtaalamu wa maabara, na atakayeonekana ana mimba atafungasha siku hiyo hiyo. Chini yake palikuwa na sahihi ya mkuu wa chuo, Madamu Wakiuru, na muhuri uliogongwa kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

Kaluki aliisoma mara moja, miwani ikiwa puani na bunda la shuka likiwa kwapani. Kisha akasema kwa sauti ambayo wapishi waliisikia hadi jikoni:

"Huyu mama ananitafuta. Na atanipata."

Alikuwa metroni wa bweni hilo kwa miaka kumi na mitatu. Chuo chenyewe kilikuwa cha makarani, nyuma ya Kaloleni, na jina lake tuliache, maana wenyewe wapo na hawapendi mchezo. Kaluki alikuwa na miaka hamsini na sita, mfupi, mpana, mjane wa dereva wa baraza la jiji. Wasichana walimwita Metroni. Akina mama wa Kaloleni, ambao nusu ya watoto wao aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe usiku ambao gari la hospitali lilikataa kuja, walimwita Mama Maingi. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Akikuta kitanda hakijatandikwa, alikaa juu yake na kumngoja mwenyewe arudi kutoka darasani, na ole wake.

Kupima wasichana halikuwa jambo geni. Tangu aajiriwe mwaka wa themanini na nne, kila muhula ulipofunguliwa aliwapanga foleni katika chumba cha wagonjwa, akawalaza mmoja mmoja, akawaminya tumbo. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini katika wodi ya wazazi, akifagia, akibeba maji ya moto, akitazama, hadi mikono yake ikajua yanayojulikana na daktari. Akimaliza foleni aliandika ripoti kwa mkuu wa chuo: wasichana wote, salama.

Ripoti hizo zilikuwa za uongo. Wote walikuwa salama kwa maana ya Kaluki, si kwa maana ya chuo. Kila mwaka alikuta wawili, pengine watatu. Alimwinamia msichana sikioni akamuuliza, "Mwezi wa ngapi?" Msichana alilia. Kaluki alimpa leso ya kujifunga chini ya sweta, akamwambia ale mboga, asibebe ndoo, na afanye mtihani wake. Wakuu wa chuo waliotangulia walikuwa wanaume, na wanaume wale waliona haya hata kuishika hiyo ripoti. Waliipokea kwa ncha za vidole na kuitia kwenye faili. Hivyo ndivyo makarani ishirini na tisa wa nchi hii walivyopata vyeti vyao na watoto wao pia, na hakuna ofisi iliyoanguka.

Lakini za mwizi ni arobaini. Desemba iliyotangulia, siku ya mahafali, msichana aitwaye Waringa alisimama kupokea cheti, na uchungu ukamshika akiwa amevaa joho, mbele ya askofu wa kanisa lililofadhili chuo. Alijifungua kwenye stoo ya viti. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye afya, na Kaluki ndiye aliyemfunga kitovu. Madamu Wakiuru, aliyekuwa na miezi mitatu tu katika kiti cha ukuu, hakusema kitu siku ile. Alimtazama tu Kaluki, akaitazama mikono yake, akaelewa.

Sasa Juni ya mwaka wa tisini na saba, jibu lake lilikuwa limebandikwa mlangoni. Maabara. Chupa haiminyi tumbo wala haina huruma.

Kabla ya saa nne, Millicent alikuwa amekwisha bisha kwenye chumba cha metroni. Msichana wa Mukuru kwa Njenga huyu, binti wa Laban, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Baba mtu alitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, miaka miwili, ili nauli yake iwe karo. Katika chuo kizima hakuna aliyepiga taipu kwa kasi kama Millicent. Walimu walisimama nyuma yake kutazama vidole. Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki tatu mbele. Na mimba ilikuwa ya miezi mitano.

Kaluki alijua tangu Mei. Alikuwa ameandika salama, kama kawaida.

"Metroni, mimi nimeisha," Millicent alisema. Hakulia. Machozi yalikuwa yamekwisha. "Wacha niende nyumbani leo mwenyewe, kabla wanifukuze mbele ya watu."

"Ukienda nyumbani leo utamwambia nini mzee?"

"Sijui."

"Basi kaa chini. Na Luseno anasemaje?"

Luseno alikuwa mvulana wa mwaka wa mwisho, aliyelala katika bweni la wavulana ng'ambo ya uwanja. Millicent aliinua mabega. Luseno alikuwa amesema ataomba Mungu. Dakika ile ile, Kaluki alipochungulia dirishani, alimwona amekaa barazani pa bweni lao na wenzake, akicheza drafti kwa vizibo vya soda. Bweni la wavulana halikuwa na karatasi mlangoni. Halikuwa na kanuni yoyote Kaluki aliyowahi kuisoma, ila moja iliyokataza kupika kwa stovu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kaluki alikasirika. Alikasirika kwa namna ambayo hakuwa amekasirika kwa miaka thelathini na saba, na sababu yake wasichana waliisikia kesho yake.

Ijumaa baada ya chai ya saa kumi aliwaita wote bwenini. Walikuwa arobaini na wawili, wote wa mwaka wa mwisho, kwa sababu wa mwaka wa kwanza walilala makwao. Mtu wa maabara alikuwa amekwisha leta sanduku la vichupa, na kila kichupa kilikuwa na jina. Agizo lilikuwa kutia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wasichana walikuwa wameketi juu ya vitanda, kila mmoja na kichupa chake mkononi.

"Mnalalamika kila siku kwamba sheria za hapa ni za ukoloni," Kaluki alianza. "Mimi nilisoma chini ya ukoloni wenyewe. Aisifuye mvua imemnyea. Sikilizeni."

Akawaambia. Mwaka wa sitini, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa katika chuo cha walimu cha misheni huko Ukambani. Kengele ya kuamka saa kumi na moja. Barua zote zilifunguliwa na kusomwa kabla ya kukabidhiwa mwenyewe. Ya mama yake ilisomwa na mtu asiyejua Kikamba, akaichana kwa usalama. Kwenda mtoni wawili wawili, mwalimu nyuma na fimbo. Kucheka baada ya chakula cha jioni kulikuwa na adhabu yake, kulima mita kumi. Na kila mwanzo wa mwezi metroni Mzungu aliwalaza akawaminya tumbo.

Mwezi wa Machi aliminya la Kaluki akapata kitu kigumu ubavuni. Aliminya tena. Akamwita mkuu. Kesho yake Kaluki alikuwa barabarani na sanduku lake la bati kichwani, na barua kwa baba yake, iliyosema binti ameleta aibu.

"Metroni, ulikuwa na ball kweli? Mimba?" aliuliza mmoja kutoka nyuma.

"Nilikuwa na bandama," Kaluki alisema. "Malaria. Kwetu ni mabondeni, kila mtoto ana bandama lililovimba. Mama yangu aliligusa akajua papo hapo. Baba hakusikia. Yeye alikuwa na barua yenye muhuri. Mwanaume hakuwa amenigusa, na kijiji kizima kikawa kinahesabu miezi. Ikafika tisa. Ikafika kumi. Ikafika kumi na miwili. Mtoto hakuja. Na mnadhani kuna mtu aliniandikia kuniomba msamaha? Mnadhani waliniita nirudi darasani? Mpaka leo nangoja."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka.

"Uhuru ukaja. Bendera wakabadilisha. Nikajiambia, sasa mambo ni tofauti. Nikaja hapa nikakuta hamruhusiwi redio. Mkagoma, mkapata redio. Mwaka wa tisini dada zenu walilala na njaa siku mbili hapa hapa, wakapata suruali. Jumamosi ya kwenda mjini mmepata. Barua zenu hazifunguliwi tena. Mimi nimefurahi, nisiwadanganye, ingawa redio zenu zinaniua kichwa. Suruali imepata uhuru, redio imepata uhuru. Tumbo ndilo halijapata. Tumbo bado ni la chuo."

Nzembi aliinua mkono. Huyu alikuwa kiranja wa bweni na mwenyekiti wa umoja wa Wakristo, msichana aliyepiga pasi hata soksi. "Lakini Metroni, sisi wengine hatuna makosa. Tukipimwa ni sawa tu. Mwenye hatia ndiye anaogopa."

"Hata mimi sikuwa na hatia, Nzembi. Nilikuwa na bandama."

Nzembi aliutelemsha mkono.

Hapo Millicent alisimama. Hakuna aliyemwomba. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sijui kama walikuwa wanafikiria bweni la makarani, lakini alisimama kati ya vitanda akavua sweta, akafungua leso, na wote wakaona. "Ni mimi," alisema. "Kama mnataka niende, semeni sasa."

Kisha sauti kutoka kitanda cha juu: "Manze, na ulikuwa unanishinda mbio ukiwa hivyo?" Wakacheka, wengine wakilia, na wawili zaidi wakasimama bila kuvua kitu, mmoja miezi mitatu na mwingine miwili. Kaluki alijua nao pia.

"Kesho," Kaluki alisema, "wanataka kujua ni nani. Sisi tutawaambia ni sote."

Mpango wake ulihitaji kitu ambacho bweni halikuwa nacho cha kutosha, lakini Kaloleni ilikuwa nacho tele. Jioni ile, kabla ya giza, alipita nyumba kwa nyumba. Kaluki alijua kila mimba kuanzia jumba la mikutano hadi reli. Alijua zilizotangazwa na zisizotangazwa. Alianza kwa Selpher, mke wa mfanyakazi wa reli, aliyekuwa na miezi minane na mdomo usio na breki. Selpher alisikiliza akiwa amekaa mlangoni, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi.

"Mama Maingi, unataka nini yangu?"

"Mkojo. Wa asubuhi, wa kwanza."

"Wote?"

"Wote ulio nao."

Selpher alicheka hadi karai likamwagika. "Watoto wanne umenizalisha hujawahi kuniomba hata sukari. Leo unaomba hiyo? Leta jagi."

Kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, wanawake saba wa Kaloleni walikuwa wamesimama kwenye uwazi wa ua nyuma ya mabeseni ya kufulia, kila mmoja na chombo chake kimefunikwa kwa heshima: jagi, kopo la mafuta ya kupikia, birika moja ambalo mwenyewe aliapa halitarudi jikoni. Walizungumza kama wamekuja harusini. Ndani ya ua wasichana walipanga foleni, foleni iliyonyooka kuliko zote alizowahi kuzipanga Kaluki, na yeye akamimina kwa kikombe cha bati, kichupa kwa kichupa. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa muuza manukato. Aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ni Nzembi.

Vilipokwisha arobaini na viwili, Kaluki alitoa mfukoni kichupa kimoja cha akiba alichokiomba sandukuni, akaandika jina lake mwenyewe, akakijaza. Karatasi ilisema kila mwanamke anayelala bwenini, na yeye alilala bwenini miaka kumi na mitatu.

Mtu wa maabara aliitwa Bwana Kyule, kijana mtaratibu kutoka kliniki moja ya mjini. Alijifungia katika chumba cha wagonjwa saa mbili. Saa tatu na nusu alitoka kuomba maji ya kunywa. Saa nne alitoka tena, akamuuliza mpishi kama kuna mtu ameingia kuvuruga vitu vyake. Saa tano Kaluki aliitwa ofisini.

Madamu Wakiuru alikuwa nyuma ya meza yake. Kando yake alikaa mchungaji aliyewakilisha kanisa, akiwa na Biblia magotini. Bwana Kyule alisimama na orodha, jasho likimtiririka shingoni.

"Soma," Madamu alisema.

"Arobaini na tatu kati ya arobaini na tatu, Madamu. Wote wana mimba."

"Wote."

"Nilidhani dawa imeharibika. Nikajipima mwenyewe." Alijipangusa shingo. "Mimi sina."

Mchungaji alipata kikohozi cha ghafla, akafunika uso kwa kitambaa. Madamu Wakiuru hakucheka. Alichukua orodha akafuata majina kwa kalamu hadi mwisho.

"Nambari arobaini na tatu. Bi. Kaluki Wathome. Miaka hamsini na sita."

"Ni mara ya pili chuo kuniambia nina mimba," Kaluki alisema. "Mara ya kwanza nililia. Leo naona nimezoea."

"Unafikiri huu ni mzaha?"

"Hapana, Madamu. Mzaha ni ile karatasi yako."

Madamu Wakiuru aliinuka. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka arobaini na kitu, aliyevaa vizuri, na tusimwonee: hakuwa mkatili. Alisema watarudia. Jumatatu, vyoo vikiwa wazi na mwalimu amesimama mbele ya kila msichana, akitazama mpaka tone la mwisho. Na Kaluki hatakuwa karibu.

"Watazame," Kaluki alisema. "Lakini kwanza nipime mimi, hapa, mbele ya mchungaji. Nitavua. Mzee kama mimi haoni haya tena. Kisha mvuke uwanja mkapime wavulana, kwa sababu nimefanya kazi hii miaka thelathini na mitatu na sijaona msichana aliyejipa mimba mwenyewe. Mkimaliza wavulana, wasichana wangu wote watakuja. Si kabla. Kabla ya hapo hamtapata hata tone."

"Bi. Kaluki, unajua umebakiza miaka miwili upate kiinua mgongo chako?"

"Najua. Nimeihesabu kuliko wewe."

Mchungaji aliomba ruhusa kutoka nje kidogo, apate hewa. Bwana Kyule alimfuata bila kuomba. Wanawake wawili wakabaki.

Madamu aliketi. Alipozungumza tena alikuwa mchovu. "Unadhani napenda haya? Yule Waringa alizaa mbele ya askofu. Wamesema tukipata mwingine, wanaondoa ufadhili, chuo kinafungwa, na hao wasichana wako wote wanarudi vibandani bila cheti. Wazazi wananiandikia barua kila wiki wakitaka ukuta, wanataka bawabu, wanataka niwafungie kama kuku. Ningefanya nini?"

Kaluki alimhurumia kidogo, lakini si sana. Katika chumba cha walimu alikuwa amemsikia Madamu mara nyingi akisimulia siku zake za chuo kikuu, miaka ya sabini: bweni lisilofungwa mlango, wageni wa kiume wanaosindikizwa saa nne usiku, serikali inawalisha na kuwapa za matumizi juu, na wao wanapiga santuri na kubishana siasa mpaka kuche. Aliyasimulia kwa raha, macho yaking'aa.

"Wewe chuo kikuu, nani alikuuliza umelala wapi?"

"Hakuna."

"Nani alikupima?"

Madamu aliikunja ile orodha.

"Na ulimaliza?"

"Nilimaliza," alisema polepole.

"Basi. Sisi wa kabla yako tulifungiwa. Nyinyi mlifunguliwa mlango mkapita. Mbona mmegeuka mkaufunga nyuma yenu?"

Dirisha la ofisi lilitazama uwanjani. Wasichana arobaini na wawili walikuwa wamekaa kwenye nyasi, vichupa walivyorudishiwa vikiwa vitupu vimepangwa mbele yao, na hakuna aliyekuwa anakunywa maji ingawa jua lilikuwa kali. Nje ya lango Selpher na wenzake walikuwa wamejaa, wakimsimulia kila mpita njia kwa sauti kubwa, na kicheko kilikuwa kimekwisha vuka hadi Makongeni. Kufikia jioni kingefika Pumwani. Madamu Wakiuru alisimama dirishani muda mrefu. Alikuwa mwalimu wa hesabu zamani, na hesabu hii haikuwa ngumu: wasichana arobaini na wawili walikuwa wameandikishwa kufanya mtihani, na chuo kisicho na mtahiniwa hata mmoja wa kike hakihitaji askofu ili kifungwe.

"Watafanya mtihani," alisema bila kugeuka. "Wote. Sitapima mtu kabla ya hapo. Lakini siwezi kuwa na metroni aliyenidanganya, halafu akanicheka mbele ya kanisa. Utaondoka leo, na hutarudi ndani ya—"

"Nimekubali," Kaluki alisema. Sentensi ilikuwa haijaisha.

Alifungasha kwa nusu saa. Wasichana walitaka kumbebea mizigo hadi nyumbani kwa mwanawe; aliwafokea warudi wakasome hatimkato, na akamwambia Nzembi, mbele ya wote, kwamba shuka za kitanda cha pili dirishani zinanuka. Kisha akatoka langoni akiwa ameinua kichwa. Akina mama wa Kaloleni walipiga vigelegele. Yeye aliwaambia wanyamaze, watu wanasoma. Alipofika nyumbani kwa Maingi na kuvua viatu ndipo alipolia, kwa hasira hasa, na kidogo kwa uzee. Maingi alikuwa dereva kama baba yake na hakuwa na maneno mengi. Alimpikia chai akamwekea sukari mara mbili.

Wiki tatu baadaye, saa moja na nusu asubuhi ya mtihani wa taipu, Kaluki alikuwa nje ya lango la chuo. Askari wa lango, Opiyo, mtu mzima wa kuheshimika, alijikuna kichwa.

"Mama, nimeambiwa usiingie."

"Nimeingia?"

Opiyo aliitazama miguu yake. Ncha za viatu zilikuwa juu ya mstari kabisa wa lango, hazijauvuka hata kwa unywele. "Hujaingia," alikubali, akamletea kiti chake.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa karibu na lango, na Kaluki aliweza kuona mlango wake. Madamu Wakiuru mwenyewe alikuwa amesimama pale na orodha, akiwaita kwa namba. Wavulana waliingia. Luseno aliingia, mikono mfukoni, hakutazama pembeni. Wasichana wakafuata mmoja mmoja. Millicent alikuwa karibu wa mwisho. Sweta haikuweza tena, wala leso haikuweza. Tumbo lilikuwa mbele yake na kila mtu aliliona. Kaluki alishika vyuma vya lango kwa mikono miwili. Ahadi ni maneno, na maneno yanaweza kurudishwa mlangoni mtu akiona kwa macho yake.

Madamu aliinua kichwa kutoka kwenye orodha. Alilitazama lile tumbo. Wasichana waliokuwa nyuma walisogea mbele, bega kwa bega, na Nzembi alikuwa katikati yao.

"Namba yako?" Madamu aliuliza.

Millicent aliitaja. Sauti yake ilifika hadi langoni.

"Mashine ya kumi na saba." Madamu aliandika kitu. Kisha akasema, kwa ukali ule ule, "Kiti kile kina nafasi nyuma. Kisogeze upendavyo. Ingia."

Mlango ukafungwa. Opiyo alikuwa anataka kusema jambo, Kaluki akamnyamazisha kwa kidole. Walingoja. Ndani mtu alipiga kengele ndogo, na mashine zikaanza zote kwa pamoja, kishindo kama mvua ya Aprili juu ya mabati. Kaluki alitega sikio. Alijaribu kuitenga mashine ya kumi na saba na nyingine, ile iliyokuwa na kasi kuliko zote, lakini zilikuwa nyingi mno na zote zilikuwa zinakwenda. Akashindwa kujua ya Millicent ni ipi. Akabaki pale ameshika vyuma, akisikiliza, mpaka muda ulipokwisha.